Mwongozo wa matibabu upo, mbona haufuatwi?

Mhariri,

Taarifa yenu ya Jumatano iliyopita kuhusu usugu wa dawa, yaani vijidudu kuzoea dawa hadi zisiviue, imeniudhi, nami si mtu wa kuandikia magazeti. Mwanzo hadi mwisho mnatulaumu sisi wagonjwa: tunajinunulia dawa kiholela, hatumalizi dozi. Anayeandika cheti mbona hamkumgusa?

Mwezi uliopita mjukuu wangu wa miaka minne alichemka usiku kucha. Asubuhi nikampeleka zahanati moja ya binafsi. Akatobolewa kidole, akapimwa malaria kwa kile kipimo cha haraka. Nilikuwa mezani pale pale, nikakiona kwa macho yangu: mstari mmoja tu, kwenye C. Maana yake malaria haikuonekana. Tabibu akakitazama, akakisukuma pembeni, akaandika dawa ya mseto ya malaria. Nilipouliza akanijibu, "Tumkinge tu, bibi." Kisha akaagiza Widal, kipimo cha damu cha taifodi, majibu yakaja kwamba mtoto ana taifodi, na hapo hapo akaandikiwa sindano za seftriaksoni, antibayotiki, siku tano. Mtoto alilia hadi sauti ikakauka. Hakuna aliyemtazama koo wala masikio, wala aliyehesabu anavyopumua kwa dakika, jambo ambalo hata wauguzi wanafunzi wanafundishwa!

Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linasisitiza mtu apimwe malaria kwanza ndipo apewe dawa. Mwongozo wetu wa taifa wa matibabu una toleo la 2021. Widal inatafuta askari wa mwili, na hao hubaki kwenye damu hata baada ya mtu kupona. Taifodi huthibitishwa kwa kuotesha damu maabara, kuona kama vijidudu vyake vitaota. Seftriaksoni nayo imo katika kundi la dawa ambazo shirika hilo hilo limetaka zichungwe. Sasa usugu unaletwa na bibi wa mtaani, au na mwenye koti jeupe anayeujua mwongozo na kuupita?

Na wauza dawa nao. Unapewa vidonge kwenye bahasha ya kaki, juu imeandikwa 2x3 basi, jina la dawa hakuna. Mtoto akipata vipele usiku, hospitali utawaambia alikunywa nini?

Mwongozo wenyewe umeandikwa kwa Kiingereza. Naiomba Wizara ya Afya itoe sehemu ya homa kwa Kiswahili, ichapwe kwa herufi kubwa, ibandikwe katika kila chumba cha tabibu, ukutani upande anaotazama mgonjwa, si nyuma ya mlango. Na kipimo kikionyesha hakuna malaria, anayeandika dawa ya malaria aandike sababu yake kwenye cheti na aweke sahihi, nami niondoke na nakala.

Msomaji wenu,
Morogoro