Kwa Nini Tunatoza Siku Nane kwa Mikesha Mitatu ya Ayawaska

Lalamiko linalorudi mara kwa mara katika ofisi yetu ya safari hapa Nairobi ni kwamba mteja amelipia siku nane katika kituo cha tiba nje ya Iquitos, nchini Peru, ilhali dawa yenyewe, ayawaska, kinywaji cha mitishamba kinacholeta maono, hunywewa usiku mara tatu tu, na siku zilizobaki hulishwa ndizi za kuchemsha zisizo na chumvi. Mteja wa karibuni aliyetuandikia kuwa tumemwibia hakupewa hata kikombe kimoja. Tunaeleza hapa pesa hiyo inafanya kazi gani, na kwa nini yeye alinyimwa.

Ayawaska hupikwa kwa mtambaazi uitwao Banisteriopsis caapi, ambao huachwa miaka kadhaa ukomae kabla ya kukatwa, pamoja na majani ya kichaka kiitwacho chakruna. Majani hayo yana DMT, kemikali ya kuleta maono ambayo ikimezwa peke yake huvunjwa tumboni na kimeng'enya kiitwacho MAO, isimfanye mtu lolote. Mtambaazi una harmini, inayokizuia kimeng'enya hicho kwa saa kadhaa, ndipo DMT hupata njia ya kufika kwenye ubongo. Kituo tunachoshirikiana nacho ni cha familia ya Washipibo, watu wa mto Ucayali, na upishi wao huanza alfajiri: vipande vya mtambaazi hupondwa kwa rungu la mti hadi nyuzi ziachane, hupangwa sufuriani tabaka kwa tabaka pamoja na majani, maji hutiwa, na moto wa kuni hukaliwa macho hadi jioni. Kisha maji huchujwa na kuchemshwa tena mpaka yabaki machache, mazito, ya kahawia iliyokoza. Sufuria iliyojaa hadi ukingoni hutoa chupa chache tu. Anayesema kikombe ni kidogo kwa bei hiyo hajakaa kando ya moto ule.

Siku zisizo za kunywa ndizo wateja wengi wanataka tuzifute, na ndizo hatuzifuti. Onanya, yaani mganga wa Kishipibo, huipata elimu yake kwa kujitenga msituni kwa miezi, akila chakula kisicho na chumvi wala sukari, bila pombe na bila tendo la ndoa, huku akinywa mmea mmoja anaotaka umfundishe. Mgonjwa huwekwa kwenye mfungo wa aina hiyo, mfupi zaidi, ili mwili uwe tayari na ili wahudumu wamfahamu. Muuguzi hupima shinikizo la damu na kuuliza upya kila swali la fomu ya afya ambayo mteja hutujazia. Usiku wa dawa taa huzimwa, kila godoro lina ndoo yake ya kutapikia, na onanya huenda kwa mtu mmoja mmoja akimwimbia ikaro, wimbo wa tiba unaomhusu yeye peke yake. Wasaidizi hukesha hadi wa mwisho asimame bila kuyumba. Watu hao wote wanalipwa, na wanastahili.

Huyo mteja aliyenyimwa aliandika kwenye fomu yetu kwamba hatumii dawa yoyote. Kule kituoni, muuguzi alipomuuliza kwa mara ya tatu, alikiri kuwa alikuwa kwenye sertralini, dawa ya sonona, na kwamba aliiacha mwenyewe siku chache kabla ya kupanda ndege. Dawa za aina hiyo zikikutana na kitu kinachozuia MAO, serotonini, kemikali ya mwilini inayopeleka ujumbe kwenye ubongo, inaweza kupanda hadi mtu akapata homa kali, misuli ikakakamaa, akaingia degedege, hata akafa. Fluoksetini, dawa nyingine ya sonona, ni mbaya zaidi kwa hilo, kwani hukawia mwilini kiasi kwamba madaktari huhesabu wiki tano kabla ya kumpa mgonjwa dawa ya kuzuia MAO. Tramadoli, dawa ya maumivu, na baadhi ya dawa za kikohozi zimo katika hatari hiyo hiyo. Kuacha dawa ya sonona kienyeji ili uwahi safari nako ni hatari, na jambo hilo ni la kuamuliwa na daktari wako, si na sisi wala onanya. Mwenye skizofrenia, baipola au ugonjwa wa moyo hatumpeleki kabisa, hata akitupa bei maradufu.

Kuna mwingine aliyeona kituo ni ghali, akashuka soko la Belén mjini Iquitos, akanunua chupa iliyokwisha kupikwa na kuinywa peke yake hotelini. Kesho yake mboni zilikuwa zimepanuka, kinywa kikavu, na alikuwa akizungumza na watu wasiokuwepo; dalili hizo ni za toé, mmea wa jamii ya Brugmansia ambao wapishi wasio waangalifu huongeza ili kinywaji kionekane kikali. Kitanda cha zahanati na tiketi mpya ya ndege vilimgharimu kuliko siku zetu nane.

Wapo pia wanaotuomba tuwaletee chupa Nairobi. Peru iliyatambua matumizi ya jadi ya ayawaska kuwa urithi wa taifa mwaka 2008, lakini DMT imo katika Orodha ya Kwanza ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, na atakayekamatwa nayo uwanja wa ndege hatatetewa na urithi wa nchi nyingine. Hatubebi na hatutumi.

Anayetueleza ukweli kuhusu dawa au ugonjwa wake kabla hatujakilipa kituo hurudishiwa pesa yote, isipokuwa sehemu ya nauli ambayo shirika la ndege halirudishi. Anayegunduliwa kituoni harudishiwi, kwa kuwa nafasi yake ilikwisha kuwekwa na mtu mwingine akakataliwa. Fomu hujazwa mara mbili, siku ya kulipia na tena kabla ya safari, na jina la kila dawa liandikwe kama lilivyo kwenye pakiti, ikiwemo ile ya mafua uliyonunua jana.