Barua ya wazi kwa binti wa kaka yangu anayetaka kugombea Bunge la Marekani

Mwanangu,

Salamu kutoka Tanga. Baba yako ameshawatangazia watu wa mtaa mzima kwamba unataka kuchukua fomu ya kugombea Baraza la Wawakilishi huko New York. Amefurahi kupita kiasi. Mimi nimefurahi pia, ila nina hofu, na hofu yangu naiandika hadharani kwa kuwa najua wapo vijana wengine wa kwetu waliokwisha kupata uraia huko ambao wanawaza hilo hilo.

Katiba yao haikudai mengi. Uwe na miaka 25, uwe raia kwa miaka 7, uwe mkazi wa jimbo unalogombea, kwako wewe ni New York. Urais ndio ulifungiwa siku uliyozaliwa hapa Bombo, kwa sababu wanataka mtu aliyezaliwa raia wao. Huku kwingine mlango uko wazi. Shida iko kwenye njia ya kuufikia mlango wenyewe.

Anza na sahihi. Kwenye kura za maoni za chama, New York inakutaka ulete sahihi 1,250 za wanachama walioandikishwa katika eneo lako la uchaguzi, na msimu wa kuzikusanya unaanza mwishoni mwa Februari, theluji ikiwa bado iko barabarani. Utagonga milango, watu watakufungulia, watatia sahihi kwa moyo mweupe. Kisha wanasheria wa mpinzani wako watakaa na karatasi zako mstari kwa mstari. Mtu akikosea kuandika tarehe au anwani yake, wataomba sahihi hiyo ifutwe. Kwa hiyo kusanya mara mbili au tatu ya idadi inayotakiwa, na uwe na mwanasheria wako kabla hujawa na bango hata moja. Kule Virginia mwaka 2011, Newt Gingrich, aliyewahi kuwa Spika wa Baraza hilo hilo unalolitaka, alishindwa kufikisha sahihi 10,000 halali na jina lake halikuwemo kwenye karatasi ya kura za maoni za urais za 2012. Alikuwa mkazi wa Virginia. Siku ya kura, hata yeye mwenyewe hakuweza kujichagua.

Sasa liweke hilo kando ya habari ya George Santos, wa jimbo lako hilo hilo. Alisema ana shahada ya Baruch College, hakuwa nayo. Alisema amefanya kazi Goldman Sachs na Citigroup, hakufanya. Gazeti dogo la eneo lake lilimtilia shaka mapema, lakini wapiga kura wakamchagua Novemba 2022, akaapishwa, na wenzake hawakumfukuza hadi Desemba 1, 2023. Utaratibu unaomfutia mama wa watu sahihi yake kwa kosa dogo la kuandika haukuwa na ofisi hata moja ya kumuuliza mgombea cheti chake cha chuo. Hili linanikera kuliko ninavyoweza kueleza, maana nimefundisha Uraia miaka mingi, na sijui ningemweleza vipi mwanafunzi.

Lakini kinachoninyima usingizi ni simu.

Baada ya uchaguzi wa 2012, wabunge wapya wa chama cha Democratic walioneshwa mfano wa ratiba ya siku yao wakiwa Washington. Saa nne za kupiga simu za kuomba michango. Saa moja au mbili za kuonana na wananchi. Saa mbili za kamati na ukumbi wa Bunge. Hao ni watu waliokwisha kushinda, mwanangu! Na kwa kuwa sheria inakataza kuomba fedha za kampeni ukiwa ndani ya ofisi ya umma, mbunge hutoka ofisini kwake, akatembea hadi kwenye jengo la chama, akaingia kijichumba chenye meza na simu. Mezani kuna faili. Ndani yake kuna jina la mtu, jina la mkewe, alichotoa mara ya mwisho, na kiasi cha kumwomba leo. Akimaliza huyo anafungua ukurasa wa pili. David Jolly, Mrepublican wa Florida, alieleza kwenye televisheni ya CBS mwaka 2016 kwamba viongozi wa chama chake walimwambia wajibu wake ni kuleta dola 18,000 kila siku. Kila siku! Na muhula wenyewe ni miaka 2, kwa hiyo kutembeza bakuli hakuna likizo.

Kwa nini simu nyingi hivyo? Kwa sababu mtu mmoja amewekewa kikomo: katika uchaguzi wa 2026 hawezi kukupa zaidi ya dola 3,500 kwa kura za maoni, na kiasi kama hicho tena kwa uchaguzi mkuu. Lazima uwapate wengi. Lakini tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Citizens United, Januari 2010, na nyingine iliyoifuata mwaka huo huo, kundi la nje linaweza kupokea na kutumia kiasi chochote kukuangusha, alimradi lisipange mambo pamoja na mpinzani wako. Wewe unaokota mia mia huku mwenzako anafunguliwa bomba. Muulize Jamaal Bowman, mwalimu mkuu wa shule aliyekuwa mbunge wa Bronx na Westchester. Juni 2024 kundi moja linaloungwa mkono na AIPAC, jumuiya ya ushawishi inayoitetea Israel, lilitumia zaidi ya dola milioni 14 katika kura zile za maoni, na akashindwa. Iwe ulimpenda au hukumpenda, kiti kimoja kati ya 435 hakistahili kumwagiwa fedha namna hiyo.

Na usidhani fedha zinakuhakikishia kitu. Michael Bloomberg alitumia takriban dola bilioni 1 kuutafuta urais mwaka 2020, akaambulia ushindi wa visiwa vidogo vya American Samoa peke yake. Amy McGrath, mgombea wa Seneti wa Kentucky, alikusanya zaidi ya dola milioni 90 mwaka huo huo na mpinzani wake Mitch McConnell akamwacha kwa karibu asilimia 20.

Hakuna sheria ya Mungu inayosema lazima iwe hivi. Hapo hapo jijini New York, mgombea wa umeya akijiunga na mpango wa jiji, dola ndogo ndogo za mkazi huongezewa nyingine 8 kwa kila moja kutoka mfuko wa umma, hadi kikomo fulani. Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, alishinda umeya Novemba 2025 chini ya utaratibu huo. Anayegombea Bunge la taifa hana mfuko wa namna hiyo.

Kuhusu kuteleza ulimi sitasema mengi. Howard Dean, akiutafuta urais, alichekwa nchi nzima kwa ukelele mmoja alioutoa jukwaani Januari 2004. Rick Perry, naye akiutafuta urais, alisahau jina la wizara aliyotaka kuifuta, mbele ya kamera, Novemba 2011. Ilikuwa Wizara ya Nishati, na mwaka 2017 akapewa kuiongoza.

La asili yako ndilo zito. Obama alipokwenda Wajir mwaka 2006 wazee walimvisha vazi lao kwa heshima, na Februari 2008 picha ile ikasambazwa kumtia doa. Aprili 2011, akiwa rais aliyeko Ikulu, ilibidi atoe cheti kamili cha kuzaliwa kuthibitisha kwamba alizaliwa Honolulu. Ilhan Omar, aliyepita utotoni kambi ya wakimbizi karibu na Mombasa, ni mbunge aliyechaguliwa kihalali, lakini Julai 2019 umati wa watu huko Greenville, North Carolina, ulipiga kelele arudishwe alikotoka. Wewe una mtandio, na lafudhi ya Tanga haijakutoka. Watazichimba picha zako za maulidi na za harusi. Usifute hata moja.

Sikuambii uache. Ningependa uanze na bodi ya shule ya hapo mtaani kwenu, ambako utajulikana kwa kazi kabla ya kujulikana kwa michango. Ukiamua Bunge, basi kabla ya fomu andika kwenye karatasi ni saa ngapi kwa siku utaipa simu, mpe msimamizi wako wa kampeni aiweke sahihi, na siku akikuomba uongeze, mwoneshe.

Kuhusu watoto: Mei 2018 Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho ilimkubalia Liuba Grechen Shirley, mgombea wa Long Island, alipe mlezi wa watoto kwa fedha za kampeni. Itumie ruhusa hiyo, usione haya. Na kama hadi Februari fedha hazijatosha, niambie mapema nianze kushughulikia viza, nije nikae nao wewe ukigonga milango.

Shangazi yako,
Tanga