Barua kwa Tatu: Salma anataka kusoma siasa

Ngamiani, Tanga
Jumapili usiku

Shoga yangu Tatu,

Asalaam aleikum. Huku sote wazima, bi mkubwa magoti yanamsumbua ila kugomba hajaacha. Mzigo uliompa Mama Hadija umefika, ahsante sana. Kimya changu usikipe maana nyingine, ni shughuli tu.

Ama baada ya salamu, nina jambo linaninyima usingizi. Mwanao Salma, huyu binti yangu, kapata daraja la kwanza kwa HGL, yaani historia, jiografia na Kiingereza, na chuo anataka aombe sayansi ya siasa na utawala, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani. Mjomba wake tangu asikie hajatulia. Yeye anataka mtoto abaki hapahapa Tanga, aingie Chuo cha Utumishi wa Umma, achukue stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu, ale kwao alale kwao. "Siasa si kazi, siasa maneno," alisema hivyo mbele ya mtoto, tunakula. Salma akanyanyuka mkekani na sahani yake. Tangu hapo wanasalimiana kwa kulazimishwa.

Jana nimekaa na mtoto tukafungua daftari. Ada ya masomo ya sanaa chuo cha serikali tumeiweka milioni moja kwa mwaka, kwa makadirio. Hela ya kula na malazi Bodi ya Mikopo inatoa 10,000 kwa siku. Ukichukua siku 240 za masomo, hiyo ni 2,400,000. Kwa miaka mitatu anatoka na deni la kama 10,200,000, tena hapo ni kama Bodi itampa mkopo kamili. Wakimpa nusu, nusu nyingine naitoa wapi mimi?

Halafu tukageukia mshahara. Tuseme kapata kazi serikalini ya 700,000. Mfuko wa pensheni asilimia 5, hiyo 35,000. Bima ya afya 21,000. Kodi kama 49,000. Bodi wanakata asilimia 15, yaani 105,000. Mkononi inabaki 490,000, hajalipa chumba, hajapanda daladala, hajamtumia bibi yake hata ya mafuta ya kuchulia magoti. Na kwa makato hayo deni linachukua miaka minane. Heri ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo waliifuta 2021, maana wenzetu wa nyuma walikuwa wanalipa na deni halipungui.

Lakini Tatu, hofu yangu haiko kwenye miaka mitatu ya chuo wala hiyo minane ya kulipa. Iko hapo katikati. Mtoto wa Bi Mwajuma unamjua, kasoma hiyohiyo. Tangazo likitoka kwenye mfumo wa ajira, anakwenda kwa wakili kugongewa muhuri vyeti, analipia, anaitwa usaili, anafuzu mchujo, mahojiano anaachwa. Na nafasi zenyewe za afisa tawala na mtendaji wa kata wanazigombea waliosoma siasa, utawala, sosholojia na sheria, wote mlango mmoja. Bodi nayo inampa miezi 24 tangu amalize, baada ya hapo deni linadaiwa, na aliyejiajiri hatakiwi kulipa chini ya 100,000 kwa mwezi. Hicho kipindi cha kungoja hakimo kwenye daftari letu, na ndicho kinachokula watoto.

Mjomba naye kila saa bomba la mafuta, bomba la mafuta, hili linalotoka Uganda kuja hapa Tanga. Eti waliojifunza kuchomelea ndio waliokula vizuri Chongoleani. Salma akamjibu kwa adabu kabisa: "Mjomba, na waliopitiwa na bomba mashambani mwao, nani aliwasomea karatasi za fidia wakazielewa?" Nikamtazama mwanangu. Nakwambia kweli, pale nilijua huyu hasomi siasa kwa kufuata wenzake. Anataka kujua serikali inaamuaje na mwananchi anaingilia wapi. Sheria angeipata kwa alama zile, hataki. Sasa mtoto mwenye moyo wa namna hiyo nimfungie kwenye chumba cha mafaili kwa sababu kiko karibu na nyumbani?

Mimi nataka aende. Ila nataka aende anajua, asije akanilaumu kwamba mama ulinyamaza. Nimemwambia akifika ashike takwimu na kompyuta kwa nguvu zote, na likizo asirudi kukaa barazani, aombe kujitolea halmashauri hata kwa nauli tu.

Wewe umesoma hayo na uko Dodoma umo ndani, ndiyo maana nakuandikia. Ulikaa muda gani mtaani kabla ya mshahara wa kwanza, na ulikuwa unakula nini? Wenzako wa darasani wako wapi leo, wangapi wanafanya kazi waliyoisomea? Kwenye mashirika wanalipa zaidi kweli, au mikataba yenyewe ya mwaka mmoja mmoja? Makato ya Bodi yamekwisha kwako au bado? Na ungekuwa na binti leo, ungemruhusu?

Mpigie mwenyewe Salma kabla ya Ijumaa, dirisha la maombi linafungwa wiki ijayo. Usimpambe wala usimtishe, mwambie kama yalivyo. Kisha mpigie na mjomba wake, wewe anakuheshimu, mimi ananiona namdekeza mtoto.

Msalimie Baba Rehema na watoto.

Wako,
Mama Salma