Kelele zilitoka hemani, si kambani

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu tangu nikiwa chuo cha ualimu na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Mengi nimeyameza, pamoja na yale mliyoandika kutuhusu walimu wakati wa mgomo. Lakini ile taarifa yenu ya Jumatatu, iliyodai kwamba mashabiki wa Nairobi waliharibu siku ya pili ya mashindano ya gofu ya Kenya Open kwa kelele kwa sababu mchezo huo ni mgeni kwao, imenikwama kooni. Nimejaribu kulala nayo siku tatu na nimeshindwa.

Nilikuwepo. Nilisimama kwenye kamba inayowazuia watazamaji pale shimo la 18, la mwisho, tangu saa tano asubuhi hadi saa kumi jioni, pamoja na mjukuu wangu wa miaka 11 ambaye nilikuwa nimemwombea ruhusa shuleni.

Na gofu si mgeni kwetu. Marehemu baba yangu alikuwa kedi, mbeba mkoba wa fimbo za wachezaji. Alfajiri alitoka Mathare kwa miguu, akakaa kwenye benchi pamoja na wenzake kungoja jina lake liitwe, na siku ambayo halikuitwa alirudi kwa miguu vilevile, mfukoni hamna kitu. Mwaka 1978 alikuwa uwanjani Severiano Ballesteros aliposhinda Kenya Open. Wiki ile alibeba mkoba wa mtu mwingine, lakini kila alipopata upenyo alikimbia kwenda kumtazama yule Mhispania. Mwaka uliofuata redio ilipotangaza kwamba kijana yuleyule ameshinda The Open kule Uingereza, baba alisimama katikati ya chumba akapiga makofi peke yake. Ian Woosnam alishinda hapa mwaka 1986, miaka mitano kabla ya kuvishwa koti la kijani la mshindi wa Masters kule Augusta, Marekani, na hilo nalo baba alilisimulia kama habari ya mtoto wa jirani. Mwaka 1998 Mkenya mwenzetu Jacob Okello alimaliza akiwa amefungana na Ricardo González wa Argentina, wakarudiana kwa mashimo ya ziada, akapokonywa ushindi, na jioni ile nyumba yetu ilikuwa kama ya matanga. Mashindano yameanza mwaka 1967 na mpaka leo hakuna Mkenya aliyeyashinda. Sisi tunaosimama kambani tunalijua hilo vizuri sana. Ndiyo maana huwa tunakwenda.

Baba ndiye aliyenifundisha kutazama gofu. Mchezaji akishasimama juu ya mpira, hata mguu usiuhamishe. Usisimame nyuma ya shimo pale macho yake yanapoelekea. Tazama jua liko wapi, kivuli chako kisije kikalala kwenye njia ya mpira. Usiondoke kwa sababu yule uliyemfuata amemaliza, maana wenzake wawili bado hawajapiga na wao pia wana mama zao. Nilimfundisha mjukuu wangu hayo yote siku moja kabla, kwa vijiko na kokwa la parachichi juu ya meza.

Sasa sikiliza kilichotokea, kwa sababu mwandishi wenu ama hakukiona ama aliambiwa na mtu aliyeketi upande usiofaa. Ilikuwa saa nane na dakika ishirini. Kijana wetu mmoja, Mkenya, alikuwa amefika kwenye grini ya 18, ile nyasi fupi inayozunguka shimo, na mpira wake ulikuwa hatua mbili kutoka shimoni, labda mbili na nusu. Unajua, Mhariri, kwamba baada ya mashimo 36, yaani siku mbili, wanaobaki ni 65 wa kwanza pamoja na waliofungana nao, na wengine wote wanafunga mikoba na kwenda nyumbani bila zawadi yoyote. Jirani yangu pale kambani, kijana anayeshona viatu Gikomba, alikuwa akifuata matokeo kwenye simu, sauti ameizima, akatunong'onezea, "Akiuingiza huu, amebaki." Neno hilo likapita kwenye kamba kutoka sikio hadi sikio. Watu mia mbili hivi, na nakuapia, niliisikia bendera ya shimoni ikipigwa na upepo mikononi mwa kedi. Mchezaji alichuchumaa. Alikuwa amechora mstari mweusi kwa kalamu kwenye mpira, akaugeuza kidogo kidogo kwa vidole viwili hadi mstari ukatazama shimo. Akasimama. Akavuta pumzi. Ndipo kutoka kwenye hema la wageni waalikwa, lenye zulia na ngazi za mbao, hatua ishirini tu kutoka pale alipo, mwanamume mmoja akapokea simu kwa sauti ya mnadani. Lori lake la saruji lilikuwa limekwama Mlolongo. Sote tulijua, kwa sababu alitutangazia. "Mwambie dereva asitoe hata ndururu!" Wenzake wakaangua kicheko, na glasi ikaanguka ikavunjika. Kijana wetu akarudi nyuma, akapangusa viganja kwenye suruali, akaanza upya. Hemani hawakunyamaza. Mwenye lori alikuwa bado anataja namba ya gari. Kijana akapiga, mpira ukazunguka mdomo wa shimo ukatoka upande wa kushoto, ukasimama upana wa kiganja kutoka shimoni. Alibaki ameinama kwa muda, fimbo imegusa paji la uso.

Na msimamizi alikwenda wapi, Mhariri? Alikuja kwetu. Alitembea moja kwa moja kutoka chini ya hema lile, akiwa na kibao chake cha KIMYA, akaja kukiinua mbele ya nyuso zetu. Mimi mwenyewe aliniambia, "Mama, mtulize mtoto wako." Mtoto wangu alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Alikuwa ameuziba tangu mchezaji alipochuchumaa. Sina haja ya kumtaja msimamizi wala mwenye hema, kwani si watu hao tu. Nataka ujue kwamba tukiwa kwenye matatu, tumeshapita Pangani, mjukuu wangu aliniuliza, "Nyanya, sisi tulikosa nini?" Nimefundisha darasa la saba kwa miaka mingi, na sikuwa na jibu la kumpa.

Kwa kuwa nimeshaanza, acha niseme na hili. Nchi hii ina maradhi ya hema. Siku ya kutoa zawadi shuleni, wageni wa heshima wako hemani na maji ya chupa mbele yao, na watoto ambao siku ni yao wanapigwa na jua kwenye nyasi hadi mmoja aanguke. Nimeshuhudia wakianguka, na nimewabeba. Sikukuu za taifa ni hivyo hivyo: mama ametoka Dandora saa kumi usiku kupata nafasi, na viti vyenye kivuli vinabaki vitupu hadi saa tano, vikingoja watu watakaoondoka kabla ya ngoma ya mwisho. Hata matanga siku hizi, bwana, hata matanga! Mjane amekaa kwenye plastiki pembeni huku mwanasiasa akisukumwa hadi mstari wa mbele kwenye kivuli, na akishazungumza anaondoka kabla ya jeneza kushushwa. Kisha ikitokea vurugu, inaandikwa kwamba wananchi walikosa nidhamu. Aliye juani ndiye huwa mkosaji. Aliye kivulini hata haulizwi.

Sisemi mahema yang'olewe. Najua wenye mahema ndio wanaotoa pesa, na bila pesa wanagofu wa Ulaya hawaji Nairobi, na wasipokuja vijana wetu watajipima na nani? Ninachotaka ni hiki. Wako makedi wazee wengi hapa mjini, waliostaafu, magoti yamekwisha lakini macho na masikio ni mazima. Waajiriwe wiki hiyo moja, kila hema linalotazama grini lipewe wawili. Upande wa hema unaotazama uwanja uwekwe turubai la kukunja, kama la kibanda cha sokoni. Mpira wa kwanza ukitua kwenye grini, mzee anateremsha turubai. Mpira wa mwisho ukiingia shimoni, anapandisha. Anayetaka kuona gofu atoke nje aje kambani asimame nasi, na tutampa nafasi. Anayetaka kuzungumza habari za lori abaki ndani azungumze. Na pale kambani tuwekewe ubao mweusi na chaki, yaandikwe majina ya wanaokuja na nchi zao, kwa sababu si kila mtu ana simu ya kufuatia matokeo, na mjukuu wangu alitumia siku nzima kuniuliza, "Huyu ni nani?" Chaki nitaleta mimi mwenyewe.

Kutoka kwenu nataka masahihisho, na yachapishwe ukurasa uleule na kwa herufi za ukubwa uleule. Andikeni kwamba siku ya Ijumaa, saa nane na dakika ishirini, kwenye kamba ya shimo la 18, hakuna aliyetoa sauti.

Mwalimu mstaafu,
Kariobangi South, Nairobi