Wifi, mbio hazijakushinda, umezianza vibaya

Wifi yangu,

Kaka ameniambia zile raba umezitupia stoo, juu ya boksi la vyombo vya sikukuu, na kwamba ukiulizwa unajibu umestaafu. Kustaafu baada ya mbio moja! Hata diwani humaliza kipindi kimoja kwanza.

Nakuandikia hapa hadharani kwa kuwa simu zangu hupokei, na pia kwa kuwa hauko peke yako. Karibu kila mbio za Jumapili hapa Dar kuna mtu anayerudi nyumbani na bodaboda, namba bado imebanwa kifuani, moyoni ameshaamua kwamba mwili wake haukuumbwa kwa kukimbia. Jina lako sitalitaja. Wanaokujua watajua tu, na hao picha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wameshaiona.

Siku ile nilikuwa nyuma yako. Nilikuona mpaka kwenye kipilefti, halafu kilemba chako cha njano kikapotelea kwenye kundi la vijana wa jogging waliokuwa wakipuliza filimbi. Nikasema, leo wifi kapandwa na nini? Baadaye, saa yako ilipokuwa inachajiwa sebuleni, niliichungulia. Nisamehe. Kilomita ya kwanza umetumia dakika 5 na sekunde 12. Wifi! Mazoezini, ukiwa umelala vizuri na jua halijatoka, kilomita moja tunakwenda dakika 7 na nusu, na hapo katikati unaniomba tutembee kidogo. Ya pili dakika 6. Ya tatu 7 na ushee. Kilomita ya sita saa yenyewe ilikata tamaa, maana nilikukuta umekaa ukingoni mwa barabara, umejishika ubavu kwa kichomi, kijana wa huduma ya kwanza anakupepea na kipande cha boksi.

Ukaniambia neno moja tu: "Wifi, kila mtu alikuwa ananipita."

Nimelifikiria neno hilo wiki tatu nzima. Miguu yako haina shida, na mapafu yako mimi nayafahamu, nimeshakusikia ukimwita mtoto kutoka ghorofa ya tatu. Kilichokumaliza ni aibu. Uliona mgongo wa mtu ukikuacha, ukaufuata; ukaja mwingine, ukaufuata na huo. Mpaka kilomita ya pili ulikuwa umeshakimbia mbio za watu kumi na tano na zako hujaanza.

Usidhani nakusimanga. Mimi yamenikuta, tena makubwa kuliko yako.

Mara yangu ya kwanza kukimbia kilomita 21 ilikuwa Moshi, kwenye Kilimanjaro Marathon. Njia yake, kama hujawahi kuiona, inaanzia Uwanja wa Ushirika, inazunguka mjini ambako ni tambarare, kisha inashika barabara ya Mweka, na kuanzia hapo ni kupanda mpaka mnapogeuzwa. Hakuna kilima kimoja cha kusema ukikimaliza hiki umepona. Ni mwinuko mmoja mrefu, migomba kulia na kushoto, na kila ukikata kona unakuta barabara bado imeinuka vilevile. Mimi ile tambarare ya mjini niliila yote kwa spidi. Watu walikuwa wamejipanga pembeni wanashangilia, kuna shoga yangu wa ofisini alikuwa anapiga picha, nikajinyoosha kama naenda kupokea kombe.

Huko juu, sehemu fulani baada ya kilomita ya saba, tulijikuta sambamba mimi na mama mmoja wa makamo aliyebeba mkungu wa ndizi kichwani. Tulikwenda pamoja kama mita mia mbili. Yeye alikuwa anatembea. Mimi, wifi, nilikuwa nakimbia. Hatimaye akageuza macho tu, mkungu haukutikisika, akaniambia, "Pole mwanangu. Unawahi wapi?"

Sikuwa na pumzi ya kumjibu.

Nilipogeuza nikajidanganya kwamba sasa ni mteremko, nitafidia. Nikajiachia. Hili nalo nikuambie vizuri, maana wengi hawalijui: kushuka hakuchoshi pumzi, ila kunasaga mapaja. Kila unapotua, misuli ya mbele ya paja inafanya kazi ya breki, inavutwa huku yenyewe imejikaza, na nyuzi zake zinachanikachanika kidogo kidogo. Siku hiyohiyo husikii sana. Maumivu yenyewe yanakuja kesho na keshokutwa. Jumanne ngazi za ofisini nilizishuka kinyumenyume nimeshika reli, na mlinzi akadhani nafanya mzaha.

Medali nilipata. Lakini ukiniuliza siku ile niliona nini Moshi, nitakuambia niliona viatu vya watu na saa yangu.

Sasa nikuulize. Unakumbuka mchakamchaka? Najua unakumbuka, maana ukisimulia Tabora lazima ufike hapo. Asubuhi na ukungu, shule nzima kwenye mistari, wakubwa kwa wadogo, wengine pekupeku. Nani alikuwa na saa? Hakuna. Nani alikuwa anajua kilomita moja ni dakika ngapi? Hakuna, hata mwalimu wa zamu na fimbo yake. Kiongozi anaanzisha, sisi tunaitikia, na hicho kiitikio ndicho kilikuwa kipimo. Mkienda kasi mno sauti zinakufa, kiongozi anasikia, anapunguza. Tulizunguka mpaka kijiji cha pili tukarudi, tukaingia darasani, na sikumbuki hata siku moja mtu kuanguka kwa kukata pumzi. Njaa ndiyo, hiyo ilikuwapo.

Huo ndio mwendo ninaokuambia. Walimu wa riadha siku hizi wanauita jaribio la kuongea: ukiweza kusema sentensi nzima bila kuikata, uko salama. Sisi tulikuwa na la kwetu kali zaidi, la kuimba.

Lina sababu zake za mwilini. Ukienda kwa mwendo wa kuitikia, mwili unachoma mafuta pamoja na sukari. Ukivuka hapo unaelemea zaidi kwenye sukari, na sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini ina kikomo. Wanaokimbia marathoni nzima, kilomita 42, huwa inawaishia karibu na kilomita ya 30, ndipo utasikia mtu anasema amegonga ukuta. Wewe kwenye kilomita 10 hukuishiwa sukari, usije ukasingizia chai uliyokunywa bila kitafunwa. Wewe kilichokukata ni pumzi na joto. Na joto la Dar lina dhuluma yake: hewa imejaa unyevu, jasho linachuruzika badala ya kukauka, na jasho lisilokauka halikupoozi. Moyo unalazimika kupeleka damu kwenye ngozi na kwenye miguu kwa wakati mmoja. Ndiyo maana dakika 7 za Arusha zinaweza kuwa dakika 8 za Kinondoni, na hakuna haja ya kugombana na saa.

Utasema hayo ni mambo ya sisi wazee wa mwendo wa kobe, mabingwa wanaondoka kama risasi. Hebu watazame vizuri. Kelvin Kiptum wa Kenya, Mungu amrehemu, alipoweka rekodi ya dunia ya marathoni Chicago mwaka 2023, saa 2 na sekunde 35, nusu ya kwanza alitumia dakika 60 na sekunde 48, ya pili 59 na sekunde 47. Yaani alianza taratibu kuliko alivyomaliza. Taratibu yake si yetu, sawa, mimi kwa spidi ile nisingefika hata mita mia tatu. Ila mpango ni ule ule.

Au Alphonce Simbu, mwanamarathoni wetu. Septemba 2025 pale Tokyo, mashindano ya dunia, mimi na kaka tuliamka usiku kumtazama, wewe ukatuambia tupunguze sauti. Kilomita nyingi humwoni, yumo ndani ya kundi tu. Joto kali, wengine wanaacha njiani, yeye yumo tu. Wanaingia uwanjani wala si wa kwanza. Halafu pale kwenye utepe akampiku Petros wa Ujerumani kwa sehemu 3 za mia za sekunde, wote wawili saa 2:09:48. Baada ya kilomita 42! Ndiyo dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Ukiniuliza nani alikuwa anaongoza kwenye kilomita ya tano, sijui, na nilikuwa macho.

Nakiri lakini kwamba moyo wangu uko kwa Juma Ikangaa, mwanamarathoni wetu wa zamani, na Ikangaa hakuwa mtu wa kujificha kwenye kundi. Yeye alikuwa anakwenda mbele, mwenye kuweza amfuate. Kwenye marathoni ya Boston alishika nafasi ya pili miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990. Ile ya kwanza Ibrahim Hussein wa Kenya alimzidi sekunde moja. Akashinda New York 1989 kwa saa 2:08:01. Marehemu baba alikuwa akimsimulia kama anasimulia vita. Kwa hiyo simwambii kila mtu aanze polepole. Aliye na mwili wa Ikangaa aanze anavyotaka. Sisi tunaotoka kazini saa 12 jioni na foleni ya Mwenge mbele yetu, tuanze tukiwa tunaona haya.

Na John Stephen Akhwari? Najua kaka ameshakuhubiria: marathoni ya Olimpiki, Mexico 1968, goti limefungwa bandeji, wa mwisho kati ya 57 waliomaliza, zaidi ya saa nzima nyuma ya mshindi. Namheshimu mzee yule kuliko wanariadha wote. Ila huwa sipendi anavyotumiwa kuwalazimisha watu wa kawaida wakimbie wameumia. Yule alivaa jezi ya nchi. Wewe umevaa tisheti ya benki. Goti likikuuma simama, kaa chini, panda gari. Kukaa pale ukingoni siku ile hukukosea hata kidogo. Umekosea kilomita tano kabla yake.

Nirudi kwenye langu. Baada ya ile aibu ya mkungu wa ndizi nimerudi Moshi mara nne. Safari ya pili niliamua kusimama nyuma kabisa, nyuma ya wenye kupiga selfi, nyuma hata ya wale wanaofika wamechelewa wakiwa bado wanafunga kamba. Filimbi ilipolia nilikwenda mwendo wa kuudhi. Kilomita ya kwanza watoto wa shule walinipita, mzee mwenye mvi akanipita akinisalimia "shikamoo bibi", na nilikuwa na miaka thelathini na nane. Niliumia, sikufichi. Unasikia kabisa miguu inataka kwenda, unaikatalia kama mtoto anayelilia pipi dukani. Nikawa naimba kimoyomoyo, na kila mwisho wa ubeti natoa kiitikio kwa sauti ndogo.

Wifi, siku hiyo niliiona Moshi. Asubuhi Kibo ilikuwa wazi, theluji yote nje, na saa moja baadaye mawingu yakaifunika kama mtu aliyebadili mawazo. Kwa kuwa ni Jumapili, huko juu unapita makanisa na kwaya ziko katikati ya nyimbo; unaiacha sauti moja nyuma unaikuta nyingine mbele. Watoto wananyoosha viganja uwapige, na ukimruka mmoja anakufuata mpaka umgonge. Kuna harufu ya moshi wa kuni na kahawa. Mweka ndiko wanakoteremkia wengi waliopanda mlima, watu ambao wameambiwa "polepole" na waongozaji wao tangu siku ya kwanza, na nikawaza, kumbe kuna watu wanalipia hata ndege kuja kufundishwa hilo neno.

Kwenye mwinuko mkali nilitembea. Ndiyo, nilitembea, mikono kiunoni, bila kumwomba mtu radhi. Kila kituo cha maji nilisimama, nikanywa kiasi cha kiu, si zaidi, maana kujijaza maji nako kuna hatari yake: chumvi ya damu inashuka, na sisi wa mwendo mdogo ndio tuna muda mwingi wa kunywa kupita kiasi. Kuteremka nikapiga hatua fupifupi, kama nashuka ngazi na sinia la vikombe. Na kuanzia kama kilomita ya 15 likaanza jambo ambalo sikulitegemea. Migongo ikaanza kurudi. Tisheti moja moja, watu walewale walionipita mjini, sasa wameshika mapaja. Yule mzee wa "shikamoo bibi" nilimkuta anakula ndizi pembeni. Nikamwambia, "Marahaba."

Ninachotaka kwako ni hiki. Februari tunakwenda Moshi wote wawili, kilomita 21. Nimeshakulipia. Pesa katoa kaka, lakini usimwambie nimekuambia. Kilomita tatu za kwanza tutakwenda dakika 8 kila moja, na ukinipita nakuvuta kilemba. Tukienda hivyo mpaka mwisho ni kama saa 2 na dakika 49. Tukichelewa kwa ajili ya kwaya, tumechelewa. Na hiyo saa yako utaiacha kwa mama.

Raba zitoe stoo kesho zipate hewa, Jumamosi saa 11 na nusu alfajiri nitakuwa getini kwenu. Mimi nitaanzisha, wewe utaitikia. Wimbo chagua wewe, ila usiwe ule ulioingilia ukumbini siku ya harusi. Beti zake tatu tu, zitatuishia kabla hatujafika Shule ya Msingi.

Wifi yako.