Mvule una dume na jike, tusikate ovyo

Mhariri,

Kila mvule unaoangushwa huku Busia na Siaya hupimwa kwa mbao zake tu. Hakuna anayeuliza kama ni dume au jike, ilhali mti huu, Milicia excelsa, una jinsia mbili katika miti tofauti, kama mpapai. Majike yakikatwa yote kijijini, madume yatakayobaki hayatatoa hata mbegu moja.

Kuyatofautisha si kazi ngumu. Mti ukichanua, tazama matawini: dume huning'iniza vishada vyeupe, vyembamba na virefu, vya jike ni vifupi, vinene na vya kijani, navyo ndivyo hugeuka matunda. Popo huyala na kusambaza mbegu, kwa hiyo nawasihi majirani wasiwafukuze. Ukichanja gome, utomvu mweupe hutiririka, kwani mvule ni wa familia ya Moraceae pamoja na mkuyu na mfenesi.

Wanaosema tutapanda mingine wajue kwamba miche ya mvule hushambuliwa na mdudu mdogo, Phytolyma, anayevimbisha machipukizi hadi yaoze. Ni heri kuichanganya na miti mingine kuliko kupanda shamba zima la mvule.

Naomba maafisa wanaotoa vibali vya kukata miti waandike jinsia ya kila mvule kwenye fomu, na majike makubwa yaliyosalia mashambani na kando ya barabara yasiguswe.

Msomaji wako,
Busia