Utabiri wangu wa besiboli kabla ya mpira wa kwanza kurushwa

Toronto, 20 Februari 2026

Swahiba wangu,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto, na zaidi kwa vijana wako wa besiboli pale shule ya Azania. Sisi huku wazima, ila baridi bado haijatuachia.

Ama baada ya salamu, umekuwa ukiniuliza mwaka huu nani anachukua, nami nakujibu kwa ujumbe mfupi mfupi usiotosheleza. Leo naandika yote. Msimu unafunguliwa Machi 25, Yankees watakapocheza na Giants kule San Francisco, kwa hiyo kila ninalosema hapa nalisema kabla ya mpira kurushwa. Itunze barua hii, Oktoba uje unihoji nayo.

Jibu nakupa mapema: Blue Jays wa huku Toronto watachukua World Series, yaani fainali kuu ya besiboli, na humo watakutana na Phillies wa Philadelphia. Najua utasema haya ni mapenzi ya mtu anayeishi Toronto. Mapenzi yapo, siyakani. Lakini sababu zipo pia, nisikilize.

Hatuwezi kuuzungumza mwaka huu bila kurudi Novemba 1 mwaka jana, mechi ya saba ya World Series, sisi na Dodgers wa Los Angeles. Wewe ulikuwa macho tangu usiku wa manane, na mechi ilipokwisha kule Dar ilikuwa saa moja asubuhi, watu wanakwenda zao kanisani. Bichette wetu alipompiga Ohtani wao ile homurani (mpira uliovuka ukuta) ya mikimbio mitatu katika zamu ya tatu kati ya tisa, mji huu ulilipuka. Tuliongoza mpaka zamu ya tisa. Tulibakiza watu wawili tu wa kuwatoa ili tuwe mabingwa kwa mara ya kwanza tangu 1993. Halafu akasimama Miguel Rojas, mpigaji wa mwisho kwenye orodha yao, mtu ambaye hakuna aliyemhofia, akaupeleka mpira ukutani na ng'ambo yake: nne kwa nne. Sisi nasi tukajaza besi zote zamu hiyohiyo, Varsho akapiga mpira wa chini, Rojas tena akaurusha nyumbani, na mkimbiaji wetu Kiner-Falefa akatolewa kwa tofauti ya unyayo. Zamu ya 11 Will Smith akapiga homurani yake. Tukapata nafasi nyingine, Guerrero akafika besi ya tatu, na Kirk akavunja gongo lake kwenye mpira uliokwenda moja kwa moja kwa Betts. Wawili wakatolewa kwa mpigo mmoja. Tano kwa nne.

Nimeitazama mechi ile tena na tena tangu siku hiyo, na kila nikiitazama naona jambo lilelile. Hatukushindwa na timu bora. Tulishindwa na mkono mmoja. Yoshinobu Yamamoto alirusha mipira 96 katika mechi ya sita, Ijumaa, akashinda. Kesho yake, bila kupumzika, akaja kurusha mingine 34 na kufunga mechi ya saba. Alishinda mechi tatu katika World Series moja. Vijana wako, ambao besiboli wamefundishwa na Wajapani, wana haki ya kumwimba, nami namvulia kofia.

Basi hapo ndipo utabiri wangu unapoanzia. Msimu mrefu wenye mechi 162 unapimwa kwa upana wa kikosi, ila Oktoba inapimwa kwa mikono ya warushaji. Swali langu kwa kila timu ni moja: ikifika Oktoba, nani atakuwa na mikono mizima?

Toronto nawaona hivi. Mwaka 2024 walimaliza mkiani mwa kundi lao, na 2025 wakashinda mechi 94. Hawakufika hapo kwa bahati. Walikuwa na wastani wa kupiga wa juu kuliko timu zote, na walikuwa miongoni mwa timu zilizotolewa mara chache zaidi kwa straiki tatu, yaani mpigaji kuukosa au kuuacha mpira mzuri mara tatu. Wapigaji wa siku hizi wengi wanazungusha gongo kwa nguvu zote, ama homurani ama patupu. Vijana wa kocha wetu John Schneider wanaugusa mpira, na mpira ukiguswa, lazima adui aushike, aurushe, asikosee. Yankees walionja hilo mwezi Oktoba: mechi nne, mikimbio 34. Ernie Clement, ambaye wengi hawakuwa wakimjua, alipiga hiti 30 (mipigo inayomfikisha mpigaji besi salama) katika mechi za mtoano, rekodi ya wakati wote. Mtindo huu haupotei msimu mmoja ukiisha, kwa sababu ni mafunzo.

Bichette ameondoka, na linaniuma. Amekwenda Mets kwa miaka mitatu na dola milioni 126. Pengo lake halitazibwa na mtu mmoja. Lakini amekuja Kazuma Okamoto kutoka Yomiuri Giants, na hapo waambie vijana wako wamwangalie vizuri: ana nguvu, lakini pia hatolewi ovyo kwa straiki, yaani ameumbwa kwa timu hii. Nabashiri atapiga homurani zaidi ya 20 mwaka wake wa kwanza. Guerrero ana miaka 26 tu na yuko nasi mpaka azeeke. Wasiwasi wangu ni Springer. Ana miaka 36, na mwaka jana alicheza kama kijana. Sitarajii arudie yote yale, nikipata nusu yake nitashukuru.

Nguvu mpya hasa iko kwa warushaji. Dylan Cease amesaini miaka saba kwa dola milioni 210. Wapo wanaosema mwaka jana alivurunda kule San Diego, na ni kweli aliruhusu mikimbio mingi. Mimi naangalia kwamba kwa miaka mitano mfululizo hajawahi kupungukiwa na watu 200 aliowatoa kwa straiki tatu, na hajakosa siku zake za kurusha. Mrushaji anayepatikana kila siku yake ikifika ni mali. Mweke nyuma yake Gausman, halafu mweke Trey Yesavage. Kijana huyu aliuanza mwaka 2025 katika ngazi za chini kabisa, pale Dunedin, akaja timu kubwa Septemba, na mwezi mmoja baadaye katika mechi ya tano ya World Series, nyumbani kwa Dodgers, akawatoa watu 12 kwa straiki tatu bila kumpa hata mmoja besi ya bure. Ana miaka 22. Mpira wake ule unaodondoka mbele ya mpigaji, nimewaona wanaume wenye mikataba ya mamilioni wakiupiga hewa. Huyu nabashiri atakuwa miongoni mwa warushaji watano bora wa American League, ligi yetu kati ya zile mbili ambazo mabingwa wake hukutana kwenye World Series.

Kuna na hii sheria mpya. Mwaka huu mpigaji, mrushaji au mdakaji anaweza kupinga uamuzi wa mwamuzi kuhusu straiki. Anajigonga kofia, kamera zinaamua papo hapo. Kila timu inaanza na nafasi mbili, ukipinga ukawa sahihi nafasi yako inabaki. Kocha haruhusiwi kusaidia kutoka kando. Watu wanaizungumzia sheria hii kama jambo la waamuzi, mimi nadhani ni jambo la wadakaji. Mdakaji ndiye anayeuona mpira vizuri kuliko wote, na mdakaji mtulivu atajua lini apinge na lini anyamaze. Kirk, mdakaji wetu, ni mtulivu. Ile double play ya mwisho, wawili kutolewa kwa mpigo mmoja, itamkaa moyoni, na nampenda mno kiasi kwamba sitaki kumwona akibebeshwa lawama ambayo si yake.

Wengine wa kundi letu nitawapitia haraka. Yankees watakuwa wa pili, Judge atapiga zaidi ya homurani 45, na Gerrit Cole akirudi vizuri kutoka kwenye upasuaji wa kiwiko watatusumbua kuanzia Julai. Boston wana Crochet na sasa Ranger Suárez, ila wamempoteza Bregman na sioni nani atakayeendesha mikimbio. Baltimore wamempata Pete Alonso, watafurahisha, hawatafika mbali. Rays siku zote hunishangaza, nawaacha.

Kundi la kati la ligi yetu, Detroit. Tarik Skubal amechukua Cy Young, tuzo ya mrushaji bora wa ligi, mara mbili mfululizo na huu ni mwaka wa mwisho wa mkataba wake, na sasa wamemwongeza Framber Valdez. Watalichukua kundi lao. White Sox watakuwa mkiani au karibu, lakini nitawatazama kwa sababu ya Munetaka Murakami, aliyepiga homurani 56 Japani mwaka 2022. Atakosa mipira mingi sana, na atakayoipata itakwenda mbali sana.

Mariners wa Seattle ndio ninaowaogopa kuliko wote upande wetu. Cal Raleigh, mdakaji, mtu anayechuchumaa kila siku kwa saa tatu, alipiga homurani 60. Hakuna mdakaji aliyewahi kufika 50 kabla yake. Mariners ndiyo timu pekee kati ya 30 ambayo haijawahi kucheza World Series hata mara moja, na walikuwa wamebakiza watu wanane tu wa kuwatoa pale Springer wetu alipopiga ile homurani ya zamu ya saba, Oktoba 20. Namwonea huruma mshabiki wa Seattle, nasema kwa dhati, kwa sababu siku kumi na mbili baadaye nililijua donda lake lilivyo. Tutakutana nao tena kwenye fainali ya American League, na tutashinda kwa shida, katika mechi saba.

Sasa upande wa pili, National League. Dodgers watashinda kundi lao, hilo sibishani. Wamemwongeza Kyle Tucker kwa dola milioni 240 za miaka minne, na Edwin Díaz wa kufunga mechi. Ohtani atarusha tangu mwanzo wa msimu. Lakini wanautafuta ubingwa wa tatu mfululizo, na tangu Yankees wa 1998 hadi 2000 hakuna timu iliyochukua mara tatu mfululizo, na sababu ni ileile ya mikono. Kila ukifika Novemba, warushaji wako wamerusha mwezi mzima zaidi ya wenzao, na mwezi Machi Yamamoto anakwenda tena kuichezea Japani kwenye World Baseball Classic, mashindano ya timu za taifa. Mwili una hesabu zake.

Tena angalia wapigaji wao: Ohtani, Freeman, Muncy na sasa Tucker, wote wanapiga kwa kushoto. Phillies wana Cristopher Sánchez na Jesús Luzardo, warushaji wa kushoto wote wawili. Mwaka jana katika mtoano Philadelphia walimbana Ohtani akapata hiti moja tu katika mara 18. Walitoka kwa sababu nyingine, ile ya kijana Kerkering aliyeupoteza mpira katika zamu ya 11, besi zimejaa, akaurusha nyumbani ukaenda kusikojulikana badala ya kuurusha besi ya kwanza palipokuwa wazi. Niliumia kwa ajili yake ingawa hata si timu yangu. Schwarber amebaki nao, yule aliyepiga homurani 56. Kikosi chao kinazeeka pamoja na wanalijua hilo. Nawapa National League.

Mets watapita kwa mlango wa nyuma, Soto hatakubali kukaa nyumbani Oktoba mara ya pili mfululizo. Cubs na Bregman wao watachukua kundi la kati. Milwaukee walishinda mechi 97 mwaka jana wakafagiwa na Dodgers, na sasa Freddy Peralta hayupo, watashuka. Paul Skenes wa Pittsburgh atachukua Cy Young tena. Mwaka jana aliruhusu wastani wa mikimbio 1.97 kwa kila zamu tisa na bado alimaliza na ushindi kumi na vipigo kumi, kwa sababu wenzake hawapigi. Waambie vijana kwamba klabu hiyo ndiyo iliyompa Gift Ngoepe wa Afrika Kusini nafasi Aprili 2017, Mwafrika wa kwanza kucheza ligi kuu, na ndiyo iliyomsajili David Matoma kutoka Uganda. Njia ipo, ni ndefu, lakini imeshapitiwa, na mwenzao wa kutoka nchi jirani yuko juu yake.

Kwa hiyo ni Toronto na Philadelphia, kama 1993, Joe Carter alipoimaliza World Series kwa homurani ya mikimbio mitatu. Toronto katika mechi sita. Mchezaji bora wa fainali, Guerrero. Mrushaji wa mechi ya kwanza, Yesavage.

Jambo moja linalonikosesha raha ni kwamba mkataba kati ya wamiliki na wachezaji unaisha Desemba 1 mwaka huu, na wamiliki wanataka kuwekwa kikomo cha mishahara, jambo ambalo wachezaji wamelikataa miaka yote. Milango inaweza kufungwa, na mwaka 2027 ukaanza bila mpira. Kwa hiyo msimu huu tuutazame wote, hata zile mechi za Jumanne mwezi Mei ambazo hazina jina.

Nataka utabiri wako kabla ya Machi 25, wa maandishi, mabingwa wa makundi yote sita na mshindi wa mwisho. Na wa vijana wako pia, kila mmoja aandike wake na sababu zake. Nani kati yao anarusha siku hizi? Yule wa kushoto uliyenieleza, bega lake limepona?

Ni mimi swahiba wako wa siku zote.